Stakabadhi haina bei: Ayn Rand ndani ya ensaiklopidia ya falsafa

Hapa Mtwara ubishi wa korosho hauna msimu. Ghala zikifungwa watu wanabishania pembejeo, zikifunguliwa wanabishania bei, na mwaka mzima kuna ubishi wa kudumu juu ya kangomba, yaani ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi: mkulima aachwe auze mzigo wake kwa amtakaye, kwa bei wanayopatana wawili uani, au lazima aupitishe chama cha msingi hadi mnadani? Hayo ni ya zamani. Kipya ni mahali hoja zinakochotwa. Katika mjadala wa jioni mjini hapa, kijana mmoja aliyemaliza chuo alisimama kumtetea mnunuzi wa kangomba. Hakutaja ukata wa Julai, wala makato ya chama, hoja ambazo sote tumezizoea. Alimtaja Ayn Rand, mtunzi wa riwaya wa Marekani aliyetetea ubinafsi. Akasema ubinafsi ni falsafa kamili, na mwenye shaka afungue ensaiklopidia ya falsafa ya Chuo Kikuu cha Stanford, atamkuta humo pamoja na Aristotle na Kant. Ukumbi ulitulia. Kisha mzee mmoja akauliza, bila kejeli yoyote: "Kwa hiyo mwanangu, Wazungu wameshapitisha?"

Watu walicheka, lakini mzee alikuwa ameshika kiini cha jambo. Imeenea dhana, kwa wanaompenda Rand na kwa wanaomchukia, kwamba mwanafikra akiingia katika kitabu cha marejeo cha wanataaluma basi mawazo yake yamepigwa muhuri. Wapenzi wake wanashangilia. Wapinzani wanalalamika kwamba bawabu amelala. Mimi naona wote wameisoma karatasi vibaya. Makala ya ensaiklopidia ni kama stakabadhi ya ghala. Inasema mzigo umepokelewa, una kilo kadhaa, ni daraja la kwanza au la pili, umelazwa ghala fulani. Bei haimo. Bei hutoka mnadani, na inaweza kumliza mtu. Mwaka 2018 wakulima wa mikoa hii walikuwa na mzigo, na bado bei ikageuka ugomvi wa taifa zima, hadi serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Hakuna mkulima wa Tandahimba anayechanganya mambo haya mawili. Wasomi wetu ndio wanaoyachanganya.

Kwa asiyemjua, Rand alizaliwa St Petersburg mwaka 1905 kwa jina la Alisa Rosenbaum. Baba yake alikuwa mfamasia, na biashara yake ilitaifishwa na Wabolsheviki baada ya mapinduzi. Mtu akitaka kuelewa hasira iliyomo katika vitabu vya binti huyu, aanzie kwenye lile duka la dawa. Alisoma historia chuoni, akahamia Marekani mwaka 1926, akaandika filamu, kisha riwaya. The Fountainhead ilitoka mwaka 1943. Atlas Shrugged ilitoka mwaka 1957, ina kurasa zaidi ya 1,000, na humo mhusika mmoja anatoa hotuba ya makumi ya kurasa ambayo ndiyo falsafa yenyewe. Mfumo wake aliuita Objektivizimu: kwamba uhalisia upo bila kutegemea matakwa yetu, kwamba akili ndiyo njia pekee ya kuujua, kwamba kila mtu ni lengo la maisha yake mwenyewe na si chombo cha wengine, na kwamba siasa inayoendana na hayo ni ubepari usioingiliwa na dola. Mwaka 1964 alikusanya insha zake chini ya jina la kuchokoza, The Virtue of Selfishness, yaani ubinafsi kama wema. Hakuwa na shahada ya uzamivu ya falsafa. Hakupeleka hoja zake katika majarida ya wanafalsafa, alianzisha ya kwake. Alikiri deni kwa Aristotle peke yake, na Kant alimwita mtu mwovu kuliko wote katika historia ya binadamu. Ukimtukana mzee wa kijiji kiasi hicho, usishangae viti vikihamishwa ukikaribia barazani.

Ensaiklopidia yenyewe je? Ile ya Stanford ilianzishwa na Edward Zalta mwaka 1995 na inasomwa bure mtandaoni. Ina makala zaidi ya 1,700. Kila makala huandikwa na mtaalamu wa eneo hilo, hupitiwa na wahariri wa fani kabla ya kutoka, na mwandishi hutakiwa kuirudia na kuihuisha kila baada ya miaka kadhaa. Nakala za zamani huhifadhiwa, kwa hiyo unaweza kuona kilichobadilishwa. Swali wanalojiuliza wahariri haliwezi kuwa "Je, huyu alisema kweli?" Kama lingekuwa hilo, nusu ya wanafalsafa wa Ugiriki wangetupwa nje. Mwanafalsafa Mjerumani Martin Heidegger alijiunga na chama cha Wanazi mwaka 1933, na Carl Schmitt, mwananadharia wa sheria, vilevile mwaka huohuo. Wote wawili wana makala ndefu humo. Sijasikia mtu akidai kwamba Stanford imeupitisha Unazi.

Lakini pia si kila mwenye riwaya nene anapewa stakabadhi, na hapa ndipo pana somo kwetu. Rand alifika mizani kwa njia ambayo yeye mwenyewe asingeipenda. Kwanza alipata mpinzani mwenye jina. Mwaka 1971 Robert Nozick wa Harvard alichapisha makala katika jarida la The Personalist akichambua hoja yake ya maadili hatua kwa hatua, na kuonyesha mahali inapoteleza. Tukumbuke kwamba Nozick hakuwa mjamaa. Miaka mitatu baadaye alitoa kitabu mashuhuri cha kutetea dola ndogo, hitimisho ambalo Rand angeweza kulitia saini. Alichokataa ni njia ya kulifikia. Mhariri wa jarida hilo alikuwa John Hospers, mwanafalsafa aliyewahi kuwa rafiki wa Rand hadi alipomkosoa hadharani mwanzoni mwa miaka ya 1960, na urafiki ukafa siku hiyo. Mwaka 1978 Douglas Den Uyl na Douglas Rasmussen wakamjibu Nozick katika jarida lilelile, na mwaka 1984 wakahariri mkusanyo wa insha kuhusu falsafa yake. Sasa palikuwa na dai, pingamizi na jibu, vyote vimechapishwa, vina majina na tarehe. Mpaka hapo Rand alikuwa na wasomaji kwa mamilioni. Tangu hapo akawa na faili.

Pili, baadhi ya wafuasi wake waliamua kuwa wanafalsafa wa kazi. Allan Gotthelf aliheshimika kwa utafiti wake juu ya biolojia ya Aristotle, eneo ambalo huwezi kubahatisha, na yeye ni miongoni mwa walioanzisha mwaka 1987 jumuiya ya kumjadili Rand yenye uhusiano na chama cha wanafalsafa wa Marekani. Tara Smith wa Chuo Kikuu cha Texas alitoa kitabu juu ya maadili ya Rand mwaka 2006 kupitia Cambridge. Watu hawa walijifunza kuongea kwa utulivu mambo ambayo mwalimu wao aliyaongea kwa ngumi mezani. Tatu, pesa. Wakfu wa benki ya BB&T ulitoa ruzuku kwa vyuo vingi vya Marekani, vingine kwa sharti kwamba riwaya ya Rand ifundishwe, na wahadhiri wengi walipiga kelele, kwa haki kabisa.

Matokeo yalikuja taratibu. Ensaiklopidia ya Routledge ya mwaka 1998, yenye juzuu 10, ilimpa makala fupi iliyoandikwa na Chandran Kukathas. Stanford ilichapisha ya kwake mwaka 2010, miaka 28 baada ya kifo chake, ikiandikwa na Neera Badhwar na Roderick Long. Isome yote na utaona kwa nini nasema stakabadhi haina bei. Waandishi hawamdhihaki, wala hawampigii magoti. Wanaeleza madai yake kwa nguvu inayostahili, halafu wanaonyesha kwamba anapotaja lengo kuu la maisha kauli zake zinasomeka kwa namna zaidi ya moja: mahali pengine ni kubaki hai tu, pengine ni kuishi kama binadamu anavyopaswa kuishi, pengine ni furaha. Majibu hayo hayakai chungu kimoja kwa urahisi. Ukisema lengo ni kubaki hai, mwizi mwerevu naye anabaki hai. Ukisema ni kuishi kama binadamu, tayari umeingiza maadili mlango wa nyuma kabla ya kuyathibitisha. Kijana wetu alitaja ensaiklopidia. Hakutaja sehemu hii. Nadhani alisoma aya ya kwanza kwenye simu, kama wengi wetu tunavyofanya, akaridhika kwamba jina lipo.

Sasa hoja za upande wa pili. Wapo wanaosema njia niliyoieleza inathibitisha kwamba nafasi ilinunuliwa. Hoja hii ina uzito na siwezi kuipuuza. Bila ruzuku kungekuwa na viti vichache vya uprofesa, vitabu vichache, na mhariri yeyote hutazama wingi wa maandishi anapoamua nani ana makala. Pesa husukuma mkokoteni hadi ghalani. Lakini karani wa mizani bado hupasua sampuli na kutazama ndani ya punje, na kilichoandikwa mwaka 2010 hakifanani na tangazo la mtu aliyelipiwa. Isitoshe, vyuo vikongwe vya Ulaya vilijengwa kwa pesa za maaskofu na wafalme, na hatujaacha kusoma kilichoandikwa humo. Wapo pia wanaosema angeachwa nje kwa sababu ni mwandishi mbaya wa falsafa. Labda ni mbaya. Mimi binafsi naona hoja zake nyingi zinaruka ngazi mbili mbili. Ila mtu aliyegusa siasa za nchi kubwa kwa miaka zaidi ya 60, kisha akakosekana kwenye kitabu cha marejeo, anawaacha wasomaji mikononi mwa wafuasi wake watupu. Anayetaka Rand akosolewe anapaswa kuwa wa kwanza kutaka aandikiwe makala nzuri.

Hapa niseme kidogo juu ya neno. Kwa Kiswahili "ubinafsi" ni tusi. Tumelirithi hivyo, na siasa za Azimio la Arusha la mwaka 1967 ziliongeza chumvi kwa mirija na unyonyaji. Hata Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice, kichwa cha kitabu kilikuja na mabepari. Rand alilichagua neno la Kiingereza lenye ubaya kama huo kwa makusudi, akidai kwamba limechafuliwa na kwamba maana yake halisi ni kujali maslahi ya nafsi yako. Katika shina la neno letu kweli kuna nafsi, kwa hiyo dai lake halichekeshi sana kama linavyosikika mara ya kwanza. Lakini hapa kusini tuna neno ndugu, ubinafsishaji, na tunajua lilichofanya. Viwanda vya kubangua korosho vilivyojengwa kwa mikopo viliuzwa kwa watu binafsi, na vingi vikageuka maghala. Anayefundisha Rand Mtwara hawezi kulitamka neno hilo kana kwamba halijawahi kupita mtaani. Naye anayempinga Rand Mtwara hawezi kusahau kwamba viwanda hivyohivyo vilikwama vikiwa bado mali ya umma.

Hoja dhaifu kuliko zote niliisikia baadaye, nje ya ukumbi, kwa mwalimu wa sekondari ambaye kwa mengine namheshimu. Alisema: kama mtunzi wa riwaya ameingia, na wazee wetu wa Newala na Kilwa hawamo, basi tukubali kwamba wetu walikuwa na methali, hawakuwa na falsafa. Hii ni sawa na kusema shamba ambalo halina stakabadhi halikuzaa. Inawezekana mzigo uko chini ya mti. Inawezekana hakuna aliyeubeba. Kukosekana kwa jina hakutoi hukumu yoyote, kwa sababu hakuna kikao kilichokaa kuhukumu.

Na tunao mfano wa karibu wa namna mzigo unavyobebwa. Mwaka 1945 padre Mbelgiji, Placide Tempels, akiwa Kongo, alichapisha kitabu juu ya falsafa ya Wabantu. Kilisomwa sana, lakini ndani yake Wabantu wote wanafikiri kitu kimoja na hakuna hata mmoja mwenye jina. Paulin Hountondji wa Benin alilipinga jambo hilo kwa ukali: falsafa ina mwenyewe, mtu aliyesema hili na anayeweza kuulizwa kwa nini. Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi akajibu kwa vitendo. Alikwenda vijijini na kinasa sauti, akawahoji wazee mmoja mmoja, akiwemo baba yake mzazi, akawabana kwa maswali, akawatenga wanaorudia mapokeo na wanaoyahoji, kisha mwaka 1990 akatoa kitabu chenye majina yao na maneno yao. Wapo waliosema kwamba mazungumzo yale yalikuwa falsafa ya Oruka zaidi kuliko ya wazee. Vizuri sana: hilo ni pingamizi, na pingamizi ni nusu ya faili. Leo ensaiklopidia ileile ya Stanford ina makala juu ya falsafa ya wahenga wa Afrika, iliyoandikwa na Mkenya mwenzake, Dismas Masolo. Ilitoka mwaka 2006. Ya Rand ilitoka miaka minne baadaye. Mwalimu yule hakulijua hilo, na nakiri sikulitaja palepale kwa sababu nilikuwa sina uhakika na mwaka. Nilikwenda kuuangalia usiku.

Ukiziweka safari hizi mbili pamoja, ya mama wa Kirusi aliyetukana wanataaluma na ya wazee ambao hawakuwahi kukanyaga chuo, unaona zinafanana kuliko unavyotarajia. Zote zilihitaji maandishi, mpinzani makini, na watu waliokubali kazi isiyo na sifa ya kunukuu, kupanga na kujibu. Hata ubishi wenyewe ni mbolea. Mwaka 1920 Carlo Conti Rossini wa Italia alidai kwamba risala ya falsafa ya Zera Yacob, Mhabeshi wa karne ya 17, iliandikwa na mmisionari Giusto da Urbino aliyeituma Ulaya. Claude Sumner akaitetea risala hiyo kwa miaka mingi akiwa Addis Ababa. Ugomvi haujaisha, na ndiyo sababu jina la Zera Yacob linafahamika kwa watu ambao hawajasoma hata mstari wake mmoja. Sisi huku tuna mzee anayesuluhisha kesi ya shamba la mikorosho kwa hoja ambayo ingempa kazi profesa wa sheria, anakufa, na tunabaki na sifa zake msibani: alikuwa na busara. Busara gani? Alisema nini hasa, nani alimpinga, naye alijibuje? Hakuna aliyeandika. Vyuo tunavyo, Mtwara mjini na kwingineko, vina wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka, na wengi wao wana babu Masasi au Nachingwea.

Nirudi kwa kangomba, maana ndipo tulipoanzia na ndipo Rand alipotumiwa vibaya zaidi. Kijana alidhani kwamba akishalithibitisha jina, hoja yake imeshinda. Lakini tumchukue Rand kwa maneno yake. Kwake yeye biashara halali ni ya watu wawili wanaobadilishana thamani kwa thamani, kwa hiari, bila nguvu, na udanganyifu aliuhesabu kuwa aina ya nguvu. Mnunuzi anayekuja Julai, mikorosho ikiwa ndiyo kwanza inatoa maua, akapima kwa bakuli lililopanuliwa kitako, huyo angemkana. Angelikana pia agizo la serikali linalomlazimisha mkulima kupitia ghala moja na mnada mmoja. Kwa hiyo hakuna upande wa ukumbi ule uliokuwa na haki ya kumnukuu bila kujikwaa.

Linabaki swali ambalo mfumo wake unalijibu kwa shida: bakuli likiwa sawa, kipimo kikiwa halali, na mnunuzi akiwa mkweli, je, hiari ya mtu ambaye mtoto wake amerudishwa shule kwa kukosa sare ni hiari ya namna gani? Rand angesema kwamba njaa si bunduki, na kwamba mnunuzi hakuileta. Wapo waliompinga hapo kwa vitabu vizima. Jioni ile mama mmoja, muuza samaki, alimpinga kwa sentensi mbili, akisimulia kwamba mnunuzi huyohuyo Oktoba humwita "mama" na Julai humwita "wewe", na kwamba bei hubadilika pamoja na jina. Kijana alifikiri kidogo, akasema mnunuzi hawajibiki kwa adabu, anawajibika kwa bei waliyokubaliana. Mama akamuuliza waliikubali lini. Nilikuwa na kalamu mkononi na sikuandika walivyoendelea, kwa sababu umeme ulikatika na watu wakaanza kutafuta viatu vyao.